Tuambieni kilicho ndani ya uji

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako niongee juu ya uji, na si uji peke yake, lakini wacha nianzie hapo. Siku hizi shule nyingi za watoto wadogo hapa Nairobi zinapika uji wa saa nne, na si ule wa mahindi na wimbi tuliokunywa sisi tukikua. Ni uji wa mchanganyiko, wengine wanauita uji pawa, na unga wake uko na kila kitu: wimbi, mtama, mahindi, mchele, soya, mbegu za terere, njugu, simsim, saa zingine mpaka omena iliyokaushwa ikasagwa. Ni chakula kizuri sikatai, mtoto asiye na shida akinywa huo anakaa mpaka saa saba bila kulia njaa. Lakini mimi niko na kijana wa gredi ya tatu ambaye njugu inaweza kumuua, na sisemi kumuua ya kuongea tu, kumuua kabisa, na kila nikiuliza unga umechanganywa na nini jibu ninalopewa ni "ni uji tu mama, watoto wote wanakunywa."

Sitaki njugu zipigwe marufuku Kenya. Mimi mwenyewe nazipenda, nikiwa kazini natafuna za kufungwa kwa karatasi kama kila mtu. Ninachotaka ni mtu yeyote anayepikia wengine aweze kujibu swali moja, ndani kuna nini, na ajibu bila kukasirika.

Kama unaona nakuza mambo nenda poshomili yoyote ya mtaani, iwe Kayole, Kawangware au Githurai, usimame hapo kando kidogo uangalie. Mama wa kwanza ameleta mahindi ya ugali. Wa pili ameleta mchanganyiko wake kwa ndoo, njugu ziko juu unaziona, zinamwagwa kwa mashine, inanguruma, unga unashuka, halafu kijana wa mashine anagongagonga ule mfuko wa kitambaa pale mdomoni ndio uliobaki uanguke. Anayefuata ameleta wimbi tupu ya mtoto wa miezi saba. Hiyo wimbi tunaiita tupu lakini imepita njia ile ile njugu zimepita sasa hivi, na hakuna mtu anaosha mashine katikati na hata hawezi, ikiingia maji unga utagandia ndani. Sisi tulikuwa tunasaga asubuhi kabla ya watu, na nilikuwa namlipa yule kijana apitishe kwanza mahindi kidogo ya kusafisha njia, hayo nilikuwa napelekea kuku wa jirani, halafu ndio wimbi yetu inaingia. Alikuwa ananicheka lakini alikuwa anafanya. Baadaye tuliona hata hivyo ni kubahatisha tu tukanunua mashine ndogo ya kusagia nyumbani, inapiga kelele majirani wa ghorofa ya chini wananuna, lakini najua kilichoingia.

Sasa kwa wale hawajawahi kuona aleji ya chakula ikishika mtu. Mara nyingi inaanza dakika chache baada ya kula, na kwa kawaida haipiti masaa mawili kabla haijaanza. Vipele vinatokea vimevimba kama umeumwa na mbu mia moja kwa wakati mmoja, vinaungana, mtoto anajikuna. Midomo inafura, macho yanafura. Mwingine anatapika chakula chote. Mtoto mdogo hajui kusema ulimi umevimba, atakwambia mdomo unamuwasha ama ataanza kukwaruza ulimi kwa meno, na mwingine ananyamaza tu na kulegea, usidhani ni usingizi. Zile za kukufanya ukimbie ni kikohozi kisichoisha, sauti kubadilika ikakuwa nzito, kifua kupiga mluzi, kushindwa kumeza mate, kizunguzungu, kuzimia. Na si lazima vipele vitokee. Kuna watu wanaishiwa pumzi na ngozi haina hata doa, ndio maana mtoto akiwa na pumu pia watu wanasema ni pumu imemshika wanampa ile ya kuvuta na kungojea.

Kinachofanyika ni kwamba kinga ya mwili imekosea, imeona protini ya njugu ama ya yai ikadhani ni adui, inamwaga kemikali kama histamini kila mahali, mishipa inapanuka presha inaanguka na koo inafura kwa wakati mmoja. Sio uchafu kwa chakula na si tumbo dhaifu, na si malezi.

Hapo kwa malezi wacha nikae kidogo maana ndipo tumeumia zaidi. Nyanyake kijana, mama mkwe wangu ambaye namheshimu sana, alisema mtoto ameangaliwa na mtu wa macho mabaya akiwa anakula. Huyo sikumlaumu, kwao ndivyo walivyoelewa mtoto kutapika ghafla mbele ya wageni. Ila kuna mjomba mmoja kwa kila familia, wetu alisema kwa sherehe mbele ya watu kwamba aleji ni ugonjwa wa watoto wa Runda kwa matajiri, sisi wa Umoja tumeitoa wapi. Kisha akashauri tumpe kidogo kidogo azoee. Na cha ajabu hapo hajakosea kabisa, kuna matibabu ya namna hiyo, Marekani waliidhinisha mwaka wa 2020 dawa ya unga wa njugu ya watoto, lakini ule unga umepimwa kwa miligramu na daktari yuko hapo na sindano, na dozi ya kwanza hawezi kukupa uende ukajaribu kwako sebuleni. Mjomba alikuwa anamaanisha kijiko.

Na tusichanganye mambo. Si kila chakula kinachokukataa ni aleji. Watu wazima wengi sana hapa kwetu wakinywa glasi ya maziwa tumbo linajaa gesi na wanakimbia choo, hiyo ni sukari ya maziwa mwili haiwezi kuivunja, inasumbua lakini haiui, na ndio maana wengi wao wanakunywa mala vizuri tu kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya hiyo sukari. Aleji ya maziwa ni kitu kingine, ni protini, na huyo hata mala hawezi, hata mandazi yenye maziwa mengine yanaweza kumletea. Zinazosumbua watu wengi zaidi zinajulikana: maziwa, mayai, njugu, korosho na wenzake, samaki, kamba na kaa, ngano, soya, ufuta yaani simsim. Ya maziwa na mayai watoto wengi wanakua inaisha. Ya njugu na ya samaki mara nyingi mtu anazeeka nayo.

Kwa hivyo unajuaje? Daktari anayejua hii kazi anaanza na maswali, alikula nini, baada ya muda gani, ilitokea tena alipokula tena. Halafu ndio anaweza kukudunga vile vitone vya ngozi ama kupima damu. Na kipimo peke yake hakitoshi, unaweza kupatikana na alama ya kitu unachokula kila siku bila shida, hiyo si aleji na usikiache. Nasema hivi kwa sababu wamejaa watu wa mahema na stendi, unashika chuma kwa mkono dakika moja kompyuta inatoa karatasi ya kurasa nyingi, huna madini, ini limechoka, una aleji ya nyanya, ngano, maziwa, kuku, halafu kwa bahati nzuri dawa wanayo hapo hapo kwa boksi. Rafiki yangu alitoka hapo akamwachisha msichana wake mayai, maziwa na maharagwe pamoja, mtoto akakonda, na hakuwahi kuwa na aleji yoyote. Na hao nao hakuna anayewauliza.

Kitu kingine, Mhariri, nisije nikaogopesha wazazi wa watoto wachanga. Mwaka wa 2000 madaktari wa watoto Marekani walishauri watoto walio kwenye hatari wasipewe njugu mpaka miaka mitatu. Ushauri huo walikuja kuutupa. Utafiti mkubwa wa London uliotoka 2015 ulichukua watoto zaidi ya 600 wenye ukurutu mbaya ama aleji ya mayai, wengine wakala njugu mapema kabla ya mwaka na wengine wakanyimwa mpaka miaka mitano, na waliokula mapema aleji ya njugu ilipungua kwa karibu asilimia 80. Kwa hivyo mama mwenye mtoto wa miezi sita, ile njugu iliyosagwa laini ndani ya uji inaweza kuwa inamsaidia, usimpe tu nzima zitamkaba, na kama ana ukurutu mbaya wa ngozi ongea na daktari kwanza. Uji wa mchanganyiko si adui yangu. Kwa mtoto ambaye tayari ana aleji hapo ndio hadithi inabadilika, huyo hapewi.

Turudi kwa siku imeshika. Watu wengi wanakimbilia Piriton. Piriton inatuliza kuwasha na vipele basi, haifungui koo na haipandishi presha. Dawa ni adrenalini, inadungwa kwa paja upande wa nje, mapema, na haingoji mtu azimie. Mgonjwa alazwe miguu iinuliwe juu, kama anashindwa kupumua akae lakini asisimamishwe na asitembezwe, maana presha ikiwa chini kusimama tu kunaweza kummaliza. Sasa fikiria vile sisi tunafanya, tunamweka katikati ya bodaboda wima mpaka hospitali. Najua saa zingine hakuna njia nyingine, saa kumi na mbili jioni barabara ya Outering imefunga kabisa, lakini kama kuna gari ya jirani mlaze kiti cha nyuma. Na akipata nafuu msirudi nyumbani mara moja, inaweza kurudi tena baada ya masaa hata bila kula kitu.

Ile kalamu ya kujidunga yenye adrenalini ndani ni ghali na kuipata hapa ni kazi, yetu ililetwa na shangazi yake kutoka Uingereza na hukaa mwaka na kitu tu muda wake unaisha. Lakini adrenalini yenyewe ya chupa ndogo si kitu cha ajabu, iko kwa orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na si ya bei ya kutisha. Mimi nilichukua Jumamosi moja nikapita kliniki za mtaani kwetu nikiuliza mnayo adrenalini na usiku kuna mtu wa kuidunga. Muuguzi mmoja hata hakushangaa, alifungua kabati akanitolea sinia, chupa, sindano, na karatasi imebandikwa ya kipimo kulingana na kilo za mtoto, nilitaka kumkumbatia. Kwingine niliambiwa tunayo haidrokotisoni na Piriton, hiyo inatosha. Haitoshi. Hizo zinakuja nyuma ya adrenalini. Nawaomba wazazi wenzangu muulize sasa kabla hamjahitaji, mjue mlango upi wa kukimbilia.

Hoteli nazo. Nimejifunza kwamba ukiuliza "kuna njugu?" weita anasema hapana ili mambo yaende. Siku moja tumekaa, mboga ya managu imekuja inanukia vizuri, nikauliza mara ya pili, yule kijana akasema "hakuna njugu hapo madam, ni kidogo tu." Kidogo tu! Hakuwa na ubaya, hakuna mtu amewahi kumwambia kwamba kidogo inahesabika. Mboga za kienyeji nyingi zinaungwa na njugu ama simsim ama maziwa, na zikiungwa vizuri huwezi kuona kwa macho. Chevda ina njugu. Smoki nyingi zina soya. Mafuta yaliyokaanga samaki ndiyo yanakaanga chipsi. Siku hizi siulizi kama kuna njugu, nauliza "umepika na nini, nianzie mafuta," na kama mpishi mwenyewe hayuko karibu tunakula matunda ya kumenya. Mama wa kibanda chetu ndiye ananifurahisha kwa sababu anapika mbele yangu na anajua kila kitu alichotia, wale wa vitambaa vyeupe mezani ndio hawajui.

Kila anayeshika chakula hapa Nairobi anatakiwa kuwa na cheti cha afya, anapimwa kinyesi na mambo ya taifodi, anarudia baada ya miezi sita. Vizuri. Mbona siku hiyo akiwa hapo kwa foleni asifundishwe hata dakika kumi kuhusu aleji? Haihitaji sheria mpya wala kikao Mombasa. Uingereza walingoja mpaka msichana wa miaka 15, Natasha, akafa mwaka wa 2016 kwa sababu ya ufuta uliokandwa ndani ya unga wa mkate, hauonekani, na kwa pakiti haukuandikwa. Ndio tangu Oktoba 2021 chakula kinachofungwa pale pale dukani lazima kiandikwe viungo vyote, sheria inaitwa kwa jina lake. Marekani nao wameongeza ufuta kwa orodha ya vitu vya lazima kuandikwa kuanzia 2023. Kwetu zile pakiti za supamaketi angalau unaweza kusoma maandishi madogo nyuma ukiwa na miwani, lakini unga wa uji unaopimwa kwa gorogoro sokoni, keki za kuokwa nyumbani, kashata, hizo zote ni mdomo wa muuzaji tu.

Shule ndizo nataka zinisikie zaidi, maana hapo mzazi hayuko. Fomu ya kujiunga inauliza dini, inauliza namba ya simu ya baba, ya mama, ya mlezi, halafu afya ya mtoto imepewa mstari mmoja hata sentensi haienei, na ile fomu inaenda kwa faili ofisini mpishi haioni milele. Kwa shule ya zamani ya kijana niliandika kwa wino mwekundu, na bado Ijumaa ya bathdei ya mwenzake akapewa keki yenye siagi ya njugu katikati. Alikataa mwenyewe, alinusa akasema hapana. Mwalimu akamwambia asiwe na maringo, mwenzake atahisi vibaya. Mtoto wa miaka saba anajitetea mbele ya mtu mzima, na aliyekuwa na haki ni yeye.

Na kuna vitu rahisi. Huu mpango wa Dishi na County, ule wa kaunti ya Nairobi wa chakula cha mchana shuleni ulioanza 2023, mtoto anagusisha ule mkanda wa mkononi kwa mashine, shilingi 5 inakatwa, anapewa sahani. Ule mkanda tayari unajua huyu ni nani na mzazi wake ameweka pesa ngapi. Sasa ikiwezekana pia uonyeshe "huyu hapewi samaki" ama "huyu ana aleji ya njugu" yule wa kupakua aone, ni gharama gani hiyo? Sijui kompyuta lakini naona kama kazi imeshafanywa nusu. Na kwa shule zisizo na mikanda, kipande cha katoni na kalamu nene, kibandikwe jikoni na kwa geti kila Jumatatu: uji wa wiki hii una hiki na hiki. Majina ya watoto wenye aleji yakae jikoni na si kwa faili. Watoto wenyewe waambiwe wasibadilishane chakula na huyu, wanaelewa haraka kuliko wazazi wao, darasa la kijana sasa hivi ndio walinzi wake, kuna kasichana kamoja kanasoma pakiti zote kabla hajafungua.

Kama kuna msomaji anajua poshomili huku upande wa Eastlands ama popote inayosaga nafaka tupu na haiingizi njugu wala simsim kabisa, tafadhali aandikie gazeti hili. Tuko wazazi kadhaa tumejikusanya kwa grupu ya WhatsApp, tutaleta wateja wa kila wiki na tutalipa bei mwenye mashine atataja.

Mama wa gredi ya tatu,
Umoja, Nairobi